Mama Anataka Kusikia Baridi

Mama yangu amepiga pasi miaka kumi na tisa katika duka moja la dobi, kwenye meza ileile, akitazama ukuta uleule, na katika miaka yote hiyo hajawahi kusikia baridi. Nieleweke vizuri. Amewahi kunyeshewa, amewahi kuumwa homa akatetemeka mpaka kitanda kikalalamika, amewahi kufungua jokofu la jirani akasimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Lakini baridi yenyewe, ile ya kuvaa koti kwa sababu unalihitaji, ile ya kutoa moshi mdomoni bila kuvuta sigara, hiyo hakuwahi kuionja. Na aliitamani kama wengine wanavyotamani nyumba ya ghorofa.

Mimi ni mwanawe wa pekee. Tangu nimalize kidato cha nne nakaa kaunta ya duka hilohilo, napokea nguo na kuandika tiketi. Wateja wananiita Redio kwa sababu, wanasema, sizimwi. Mama naye ananiita Redio, ingawa jina la kwenye cheti alilichagua mwenyewe na alikuwa na miezi tisa ya kulifikiria.

Chumba cha pasi kiko nyuma ya kaunta yangu. Hakina dirisha. Kina tundu la feni, na feni yenyewe ilipelekwa kwa fundi kabla sijaota meno ya pili. Msimu wa joto ukiingia, mvuke wa pasi unakosa pa kwenda, unazunguka humo ndani kama mgeni asiyejua kuaga. Mama anafunga kitambaa kichwani, anakikamua saa nne, anakikamua tena saa sita, na ikifika saa nane anaacha kukikamua kwa sababu haoni tena faida yake.

Kichekesho ni kwamba msimu huohuo wa joto ndio msimu wa makoti. Wenye nafasi zao hulikimbia jua, wakapanda mlimani kwenye ule mji wa mapumziko ambako, kwa maelezo yao, hata saa sita mchana mtu anatembea mikono mfukoni. Kabla ya kupanda wanatuletea makoti yatolewe vumbi na kunyooshwa. Wakishuka wanayaleta tena yasafishwe. Kwa hiyo jua linavyozidi kuwaka, ndivyo Mama anavyozidi kukumbatia sufu nzito ya watu wengine.

Ndivyo alivyoufahamu mji ule, kwa makoti. Yalirudi na tope jekundu kwenye pindo, utomvu wa misonobari kwenye viwiko, na harufu ya moshi wa kuni ndani ya bitana. Mama alikuwa akilipokea koti, analiweka puani kwanza. Nikimwambia wateja wanamwona, anasema anakagua madoa.

Halafu kuna mifuko. Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba nguo haigusi maji wala pasi kabla mifuko yake haijapinduliwa. Pesa, pete na funguo zinawekwa kwenye bahasha inayobanwa pamoja na tiketi. Takataka zinatupwa. Ila Mama hakutupa takataka za mlimani. Tiketi za basi, risiti za chai, ramani zilizochorwa kwa kalamu nyuma ya pakiti ya biskuti, hata jani moja ambalo hatukujua ni la mti gani, vyote alivihifadhi kwenye kopo chini ya kitanda. Alijua basi la kawaida linaondoka saa ngapi na linafika saa ngapi. Alijua mgahawa gani unaongeza chai kikombe cha pili bila kulipisha. Alijua kwamba kwenye maporomoko ya maji kiingilio ni mwisho wa wiki tu. Aliujua mji ule kuliko diwani wake, na hajaukanyaga.

Koti alikuwa nalo pia. Lilikuwa la kijani, sufu nene, vifungo vya mbao, tiketi namba mia nne na kumi na mbili. Mwenyewe alilileta miaka kumi na moja iliyopita na hakurudi. Sheria iliyobandikwa ukutani inasema nguo isiyochukuliwa kwa mwaka mmoja ni mali ya duka, na mwaka ulipotimia mwenye duka, tunayemwita Tajiri ingawa ni tajiri wa maneno tu, akampa Mama kama zawadi. Tangu siku hiyo linaning'inia nyuma ya mlango wetu na vidonge vya kufukuza wadudu mfukoni. Kila mwisho wa mwezi Mama analipiga brashi. Hajalivaa hata siku moja. Kulivaa huku kwetu ni kujitafutia kuzimia.

Sasa, Jumapili moja msimu wa joto ulipoanza kuota meno, Mama alimwaga kopo lote kitandani, akakaa katikati ya makaratasi kama kuku anayeatamia.

"Mwaka huu tunakwenda," akasema, kwa sauti ileile anayotumia kusema chumvi imekwisha.

Nikageuka kuwa katibu. Tulipanga siku nne, katikati ya wiki, maana wenye pesa hupanda Ijumaa na kupandisha kila kitu pamoja nao. Tungepanda basi la kawaida, siyo lile lenye mapazia. Tungebeba mkate na mayai ya kuchemsha ya siku ya kwanza, na kutoka hapo tungeishi kwa ule mgahawa wa kikombe cha pili. Mimi nilikuwa tayari nimeshaitangazia nusu ya mtaa, na nusu nyingine walikuwa wamesikia. Jirani mmoja alinipa sweta lake lililotoboka kiwiko. Nikalijaribu mbele ya kioo, nikatoka jasho, nikafurahi.

Kilichobaki kilikuwa pa kulala. Hoteli zote za kwenye kopo zilikuwa za watu wa basi la mapazia. Ila kulikuwa na risiti moja ya nyumba ya wageni, imeandikwa kwa mkono, na chini yake, baada ya bei ya chumba, maneno haya: *Blanketi la ziada, bure.* Mama aliyasoma maneno hayo miaka kumi na moja kama watu wanavyosoma barua ya mchumba. Fikiria, aliniambia, kuna mahali ambapo blanketi moja halitoshi, na wenyewe wanajua, na hawakudai chochote kwa hilo.

Risiti hiyo ilitoka kwenye lile koti la kijani, na ndiyo karatasi pekee iliyowahi kumponyoka Mama. Ilikuwa kwenye mfuko wa siri ndani ya bitana. Hakuuona. Akapiga pasi juu yake, na mvuke ukala tarakimu ya mwisho ya namba ya simu. Ikabaki alama ya buluu, kama mbu aliyepigwa ukutani. Aliona aibu ya kosa lile kuliko watu wanavyoona aibu ya kesi mahakamani.

Tukapiga simu mchana wakati wa chakula, tumekalia ndoo zilizopinduliwa uani, katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Tarakimu moja imepotea, basi ni namba kumi za kujaribu. Hesabu hiyo niliifaulu shuleni. Sifuri haikupatikana. Moja ilipokelewa na muuza chakula cha kuku aliyekataa katakata kuamini kwamba hatufugi. Mbili, mtoto mdogo akasema baba yake yuko bafuni anaimba, akatupelekea simu mlangoni tukasikilize. Tatu alikuwa mwanamke aliyekuwa akingoja kwa hamu simu ya mwanamke anayemwibia mume, na sisi tukawa ndio tumefika. Alitutukana kwa ufundi wa hali ya juu. Nilitaka kukata, Mama akanishika mkono, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia apoe, anywe maji, sisi tunatafuta chumba tu. Yule dada akanyamaza, akaomba radhi, akatutakia safari njema. Nne na tano kimya.

Sita iliita muda mrefu. Ikapokelewa na sauti ya bibi mwenye kikohozi, na nyuma yake nikasikia kitu kinapasuka-pasuka. Nikadhani mtandao mbovu. Mama, aliyebandika sikio upande wa pili wa simu, akaninong'oneza, "Kuni."

Ndiyo penyewe. Bibi alisema yeye habadilishi namba, habadilishi mapazia, na mume angembadilisha lakini alichelewa. Mama akamwamkia kwa heshima zote, na swali lake la kwanza halikuwa la bei.

"Mama, huko baridi ipo kweli?"

"Mwanangu, hapa mafuta ya kupikia tunayaotesha moto ndiyo yatoke kwenye chupa."

Mama akafumba macho. Nikamwacha ayafumbe kidogo, kisha nikauliza bei mimi. Bei ya msimu ilikuwa imepanda kupita ile ya kwenye risiti mara mbili na nusu. Nikazungusha hesabu kichwani. Hata tungekula mayai siku zote nne na kulala kwa zamu, isingefika. Mama aliisoma hesabu hiyo usoni kwangu. Alishika ncha ya shuka lililokuwa likining'inia karibu naye, akalinyoosha kwa vidole, mkunjo mmoja, mwingine.

Halafu akauliza kama lile blanketi la ziada bado ni bure.

Bibi alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Ni bure, akasema, ila tusiyatazame sana matandiko, maana mwanamke aliyekuwa akimpigia pasi ameolewa bondeni, na sasa mashuka yanatoka kwenye kamba yanakwenda kitandani yalivyo. Mgeni mmoja ameandika kwenye kitabu cha wageni kwamba alilala juu ya ramani ya dunia, na milima ilimchoma mbavu.

Mama akakaa wima juu ya ndoo. "Una pasi ya aina gani?" akauliza, kama daktari anayeuliza panapouma.

Dakika kumi baadaye walikuwa wameshaelewana. Asubuhi Mama atanyoosha mashuka na mapazia, mchana na jioni ni zake, na chumba cha watu wawili ni bure kama blanketi. Alinirudishia simu akiwa na uso ambao sijawahi kuuona, uso wa msichana.

Mimi nikanuna. Nilimwambia ameruka majivu amekanyaga moto. Unatoka kwenye pasi unakwenda kwenye pasi, nikamwambia, huo ni uhamisho, siyo likizo. Miaka kumi na tisa unangoja kuuona mlima, ukifika unauangalia kupitia mvuke?

"Redio," akasema, akiinuka kwenye ndoo yake. "Mimi sijachoka na pasi. Pasi ndiyo imekusomesha. Nimechoka na joto."

Akaingia ndani, kazi ikaendelea.

Sasa alibaki Tajiri. Huyu ni mwenye duka la dobi anayevaa mashati yaliyokunjamana, siri ambayo sijawahi kuielewa. Si mtu mbaya. Aliposikia siku nne aliitazama reli ya makoti, ikiwa imejaa mpaka hanga zinapandana, akamtazama Mama, akairudia reli. Akasema ni vigumu kumkatalia mtu ambaye hajawahi kuomba hata siku moja, lakini akiacha makoti haya yalale, wenyewe watayapeleka duka la ng'ambo ya barabara na hawatarudi. Kaunta anaweza kukaa yeye mwenyewe. Meza ya pasi hawezi.

"Mama Redio, niletee mkono mmoja tu wa kushika hiyo pasi, uende salama."

Mama akatazama sakafu. Alikuwa amefundisha wasichana watatu, wote wameondoka. Wa nne nilikuwa mimi. Mashuka na mashati nilikuwa nayaweza. Koti nililijaribu mara moja, la mwalimu mmoja mstaafu, nikaacha kwenye kola mng'ao wenye umbo la ncha ya pasi. Dukani mpaka leo unaitwa sahihi ya Redio.

Nilikuwa nimeshajiona mlimani. Nilikuwa nimeshachagua upande wa kitanda. Nilikuwa nimeshatunga vichekesho vya kumwambia yule bibi. Nikamwona Mama anavuta pumzi ili aseme basi, tuache, kama alivyosema basi tuache kwa mambo mengi ninayoyajua na mengine nisiyoyajua.

"Nitashika mimi," nikasema.

Mama akageuka. "Tulisema wawili."

"Mlima hauhami, Mama. Wewe ndiye unayehama."

"Usinitanie."

"Sikutanii."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniamini nikisema hivyo, kwa sababu macho yake yalijaa, akajifanya ni mvuke, na pasi ilikuwa imezimwa.

Tukawa na wiki mbili. Kila jioni duka likifungwa alinisimamisha mezani. Koti halipigwi pasi, alinifundisha, linabembelezwa. Weka kitambaa kibichi juu. Usiikandamize pasi, iache iguse tu, uinue, uiache sufu ivute pumzi. Kola usiikunje, izungushe. Alikuwa akiweka mkono wake juu ya wangu, na nikagundua kitu cha ajabu, kwamba kiganja chake kilikuwa kigumu na kikavu na hakisikii moto. Nilizoea kukishika tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kujiuliza kimekuwaje hivyo. Siku ya kumi alinipa koti jeusi la mteja mkali kuliko wote, akakaa kwenye ndoo akitazama pembeni makusudi. Nilipomaliza alilipeleka mlangoni penye mwanga, akaligeuza, akalinusa.

"Sahihi haipo," akasema.

Siku ya safari nilimsindikiza stendi. Jua lilikuwa limechomoza dakika chache tu zilizopita na tayari linauma. Mama alikuwa amevaa lile koti la kijani, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Abiria walimtazama kama mtu aliyetoroka mahali. Nikamwomba alivue mpaka basi lianze kupanda. Akakataa. Alisema mwenyewe wa kwanza alilivua akalisahau, yeye hafanyi kosa hilo. Kwenye begi alikuwa na mkate, mayai, na risiti ya bibi. Sweta lenye kiwiko kilichotoboka nililiingiza mimi bila kumwambia, ili angalau nguo yangu ifike.

Basi lilipoondoka alinipungia mkono kwa dirisha, kisha akalifungua na kuniambia kwa sauti ya kusikika stendi nzima nisisahau kupindua mifuko.

Siku ile ya kwanza hakupiga simu. Nilinyoosha makoti kumi na moja. Ukuta ule aliokuwa akiutazama una ufa ulioanzia juu ukashuka kwa kupinda-pinda, na ikifika mchana, macho yakiwa yamejaa jasho, ufa huo unafanana kabisa na njia ya kupanda mlima. Hakuwahi kuniambia. Miaka kumi na tisa na hakuwahi kuniambia.

Siku ya pili, saa nne, wakati Mama angekuwa anakamua kitambaa, simu ikaita. Tajiri akaniletea kutoka kaunta, akasimama kando akijifanya anahesabu hanga.

"Redio, nyamaza kidogo usikilize," Mama akasema, kabla hata sijafungua mdomo. Nikasikia pumzi ndefu ikitoka. Halafu nyingine.

"Ni nini hicho?"

"Moshi. Natoa moshi mdomoni. Nimesimama dirishani naumwaga tu."

Nikamuuliza kuhusu maporomoko, akasema atakwenda mchana. Nikamuuliza kuhusu mgahawa, akasema kikombe cha pili kipo, ila kidogo kuliko cha kwanza. Blanketi la ziada alipewa, na usiku akaomba la tatu, nalo likawa bure. Nikamuuliza, kwa sababu ndilo nililokuwa nikiliogopa, kama ameanza kunyoosha mashuka.

Kuni zikapasuka huko nyuma.

"Nilianza saa moja. Chumba chenyewe kina madirisha mawili, vidole vimekufa ganzi, nashindwa hata kushika shuka. Nikawasha pasi. Ikapata moto, nikaweka mikono juu yake, hivi, karibu. Redio." Sauti ikamlegea. "Nimesimama hapo bila kufanya kazi mpaka bibi akaja kuniuliza kama naumwa. Sikujua kwamba pasi ina joto zuri. Vitu vyote hivi nimekuwa navyo mkononi na sikujua."

Tajiri aliacha kuhesabu hanga akanitazama, maana ukimya wangu ni habari.

"Umevaa nini?" nikauliza mwishowe.

"Koti. Na ndani yake sweta lililotoboka kiwiko. Nani kaliweka?"

"Mwizi."

Akacheka, na nina hakika kicheko kile kilitoka na moshi. Akasema lazima akate, mapazia yanamngoja na anataka kuyamaliza kabla jua halijafika dirishani, kwa sababu likifika, akasema kwa masikitiko ya kweli, patakuwa na joto kidogo.

Nilimrudishia Tajiri simu yake. Mezani kulikuwa na koti la kahawia la mtu anayepanda kesho. Nilikuwa nimeshapindua mifuko yake, mitupu. Nikasimamisha pasi kwa kisigino chake, nikaweka viganja vyangu juu, karibu, hivi, kama alivyosema. Nikafumba macho. Nikajaribu kwanza kusikia baridi, maana bila hiyo mengine yote hayafanyi kazi. Nikafikiria madirisha mawili. Nikafikiria mafuta yaliyoganda kwenye chupa. Nikafikiria blanketi la tatu.

Jasho likanidondoka kwenye bamba la pasi, likachemka, likapotea. Nikaondoa mikono.

"Redio," Tajiri akasema kutoka mlangoni, taratibu, "lile la kahawia linakuja kuchukuliwa saa sita."

Nikalowesha kitambaa, nikakitandika juu ya sufu, nikaiacha pasi iguse tu.